"Wahamiaji haramu": neno hili tumelitoa wapi?





Wamarekani wanagombana miaka mingi sasa juu ya jina. Mtu aliyemo ndani ya nchi yao bila ya ruhusa ya serikali aitwe nani? Wengi wetu tunaoishi huku tunausikia ugomvi huo kwenye televisheni na tunauona ni wa kwao. Mie nataka tuupitie kwa ufupi, kisha turudi nyumbani, maana linaloniuma khasa ni Kiswahili chetu. Kwenye Kiingereza watu angalau wanabishana. Sisi kwenye Kiswahili tumeshakata shauri zamani, bila ya kikao wala mjadala, kwamba mtu huyo ni haramu. Fungueni gazeti lolote la Dar es Salaam au Nairobi, sikilizeni idhaa yoyote kubwa ya Kiswahili, someni taarifa za Idara ya Uhamiaji: "wahamiaji haramu wakamatwa", "wahamiaji haramu wafa maji". Hakuna hata mmoja anayeshtuka.

Basi tuanze na Wamarekani.

Neno la sheria yao ni "alien". Kisheria maana yake ni mtu asiye raia, basi, na limo ndani ya sheria zao tangu karne ya 18. Lakini neno hilohilo ndilo wanaloliita viumbe wa sayari nyingine kwenye sinema. Ukilitia na "illegal" mbele yake unapata jina ambalo mwanasheria analisoma kavu, na mtoto wa skuli aliyeletwa na wazazi wake akiwa na miaka miwili analisikia kama tusi. Mwezi wa Aprili 2013 shirika la khabari la Associated Press, ambalo mwongozo wake wa lugha unafuatwa na magazeti mengi ya Marekani, liliamua kuacha kumwita mtu yeyote "illegal immigrant". Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: uharamu wa kisheria ni sifa ya kitendo, si sifa ya mtu. Mwaka 2014 wanafunzi wa chuo cha Dartmouth wakaiomba Maktaba ya Bunge la Marekani ibadilishe kichwa cha mada kinachotumika kupangia vitabu. Maktaba ikakubali mwaka 2016, wabunge wa Republican wakaja juu, jambo likakwama, na mabadiliko yakapita Novemba 2021. Fikirini hilo: zaidi ya miaka saba kubadilisha lebo moja ya rafu ya vitabu!

California ililiondoa neno "alien" katika sheria yake ya kazi mwaka 2015. Mji wa New York mwaka 2019 ulitoa mwongozo unaosema kwamba kumwita mtu "illegal alien" kwa nia ya kumdhalilisha, kazini au kwenye nyumba ya kupanga, kunaweza kumtia mtu katika faini ya hadi dola 250,000. Utawala wa Biden mwaka 2021 ukawaamuru maofisa wa uhamiaji na wa mpakani waseme "asiye raia". Biden mwenyewe, Machi 2024, akihutubia Bunge, akateleza akasema "an illegal", na siku mbili baadaye akasema anajuta kulitumia. Trump aliporudi Januari 2025, amri zake za siku ya kwanza kabisa zilikuwa na maneno yaleyale ya zamani. Kwa hiyo mnaona, kule jina ni bendera. Anayeshinda uchaguzi anaishusha ya mwenzake anapandisha yake.

Wapo wenye akili zao wanaosema mjadala wote huu ni kupoteza wakati, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni kwamba kuficha kosa ndani ya neno laini hakuliondoi kosa. Ya pili, jina mbadala, yaani "wasio na hati", si la kweli kila mara. Watu wengi wa namna hii wana hati chungu nzima: pasi ya nchi yao, cheti cha kuzaliwa, leseni ya gari, namba ya kodi, na viza iliyokwisha muda. Wanachokosa ni ruhusa, si karatasi. Hata Associated Press ile ile, mwaka ule ule wa 2013, haikukubali "wasio na hati" iwe mbadala, kwa sababu hiyohiyo ya kukosa usahihi. Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Utawala wa Biden ulibadilisha maneno mwaka 2021, na wakati huohuo ukaendelea kuwarudisha watu mpakani kwa kanuni ya dharura ya afya iliyowekwa na utawala uliotangulia mwaka 2020 na ambayo haikuondoka mpaka Mei 2023. Mtu alikuwa anaitwa kwa jina zuri na anafukuzwa palepale. Mwenye kufukuzwa jina zuri limemfaa nini?

Hoja hizi nazikubali nusu. Ni kweli neno halimpi mtu kibali. Lakini neno linaamua jambo moja kabla ya sheria kufika: linaamua kama msikilizaji ataendelea kusikiliza.

Tena kuna suala la usahihi. Kule Marekani kuvuka mpaka kwa kificho ni kosa la jinai, dogo mara ya kwanza. Lakini kuingia kwa viza halali kisha ukapitisha muda ni jambo la madai, si la jinai. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Arizona ya mwaka 2012, kwa kalamu ya Jaji Anthony Kennedy, ilisema kwamba kwa kanuni ya jumla mtu anayestahiki kuondolewa nchini hatendi jinai kwa kubakia tu. Sasa ukiwaita wote kwa jina moja, aliyeruka ukuta na aliyepitisha miezi sita baada ya masomo, hujawa mkali wa sheria. Umekuwa mvivu wa sheria.

Hapa lazima niseme ukweli ili nisije nikaambiwa naficha. Hoja hii ya Wamarekani hatuwezi kuibeba nzima nzima tukaitua Dar au Mombasa. Sheria za uhamiaji za Tanzania na za Kenya zinakufanya kuwemo nchini bila kibali kuwa ni kosa la jinai, lenye faini na kifungo. Kwa hiyo mtu akisema "kwetu ni jinai bwana, acha waitwe haramu", hajakosea sheria. Kakosea Kiswahili.

Nitaeleza kwa nini.

Mwizi ameiba, ni jinai. Muuaji ameua, ni jinai kubwa kuliko zote. Je, tunasema "mtu haramu"? Gazeti likiandika khabari ya mtu aliyemchinja jirani yake linaandika "mtuhumiwa", na likizidi sana linaandika "muuaji". Mla rushwa wa mabilioni ni "mshitakiwa", tena anatangulizwa na "mheshimiwa". Haramu hatuwapi hawa. Haramu tumemwekea kijana wa Kihabeshi aliyekutwa amejikunja nyuma ya lori la mahindi, ambaye hajasimama mbele ya hakimu yeyote. Anayekamatwa leo asubuhi anaitwa haramu jioni kwenye taarifa ya khabari.

Na haramu si neno jepesi kwetu. Kwa Kiswahili, kwanza kabisa, haramu ni amri ya Mungu: nguruwe, riba, zinaa. Ni kitu ambacho ukikigusa kinakuchafua. Pili, haramu ni nasaba: mwanaharamu, tusi ambalo watu wamepigana visu kwa ajili yake. Maana ya tatu, ya kiserikali, ndiyo ya karibuni: pombe haramu, silaha haramu, uvuvi haramu. Hapo maofisa wetu walikuwa wanatafuta neno fupi la kusema "kinyume cha sheria", wakalichukua lile la msikitini wakalivisha sare. Kwa gongo na bunduki sina ugomvi nalo. Vitu havina heshima ya kuvunjiwa.

Tatizo lilianza neno lilipotoka kwenye kitu na kitendo likampanda mtu. Uvuvi haramu ni kitendo. Kutoka hapo wakaja "wavuvi haramu", na hilo nalo halinipendezi, ila lina mwisho wake. Mvuvi akiliacha kokoro lake ufukweni, akirudi kwake jioni ni baba wa watoto, ni jirani, ni mpenzi wa Simba au Yanga. Mhamiaji haramu hana ufuo wa kuuacha uharamu wake. Anakula haramu, analala haramu, akizaa maneno yanamfuata mpaka mtoto. Akifa kwa kukosa hewa ndani ya kontena, anakufa haramu.

Wazee wetu waliijua hatari hii. Ndiyo maana walisema kitanda hakizai haramu. Methali hii inatumika kuwafumba midomo wale wanaomnyooshea mtoto kidole na kumhesabia miezi. Angalieni hekima yake. Haikatai kwamba pengine kuna kosa lilitendeka. Inakataa kosa lisibandikwe kwenye mtu aliyezaliwa. Yaani lugha yetu ilikwishaufanya mjadala huu wa Wamarekani, ikaumaliza kwa maneno matatu, nasi tukaja kuuharibu maofisini.

Halafu, waungwana, neno lenyewe tumelitoa kwa Waarabu. Nyie mnaoishi Maskati, Dubai na Jiddah mnasoma magazeti yao kila siku. Wao wanawaitaje watu hawa? Wanasema uhamiaji "ghayr shar'i", usiofuata sheria, au "ghayr nidhami", usiofuata utaratibu. Serikali za Ghuba zinasema "mukhalif", mwenye kwenda kinyume cha kanuni za ukaazi. Saudia ilipoanzisha kampeni yake kubwa mwaka 2017 iliiita "nchi isiyo na mukhalif". Sisemi Saudia iliwatendea watu hao kwa upole, la! Nasema tu kwamba kwenye lugha yenye neno haram, wenye neno lao hawakulitumia. Wanajua uzito wake. Sie tuliolikopa ndio tunalitapanya. Na mzizi huohuo wa h-r-m kwa Kiarabu una upande wa pili ambao Kiswahili kinaujua vilevile: Msikiti wa Makka ni Haram kwa maana ya mahali palipohifadhiwa, ambapo hata ndege hawindwi. Maharimu wako ni jamaa zako wa damu usioweza kuwaoa. Neno lenye ulinzi na utukufu ndani yake limebakishiwa uchafu peke yake.

Sasa tutazame neno linafanya kazi gani mitaani.

Juni 2012, mkoani Dodoma, zaidi ya miili 40 ya Wahabeshi ilikutwa imetupwa porini. Walikuwa wamepakiwa ndani ya lori, safari ya kusini, hewa ikawaishia, aliyewapakia akawamwaga akaenda zake. Machi 2020, kule Tete, Msumbiji, Wahabeshi 64 wakakutwa wamekufa ndani ya kontena. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Hapo haramu imekaa pahala pake: usafirishaji ndio haramu. Lakini someni khabari zetu za aina hiyo. Aya ya kwanza inalaani biashara haramu ya binadamu, kwa maana hiyo aliyesafirishwa ni mhanga. Aya ya tatu mhanga huyohuyo ni mhamiaji haramu, amefikishwa mahakamani, amepigwa faini au amefungwa. Mtu mmoja, khabari moja, ni aliyedhulumiwa na ni haramu. Na mwenye lori je? Mara nyingi ni "dereva aliyetoroka". Haramu haikumfika. Msomaji naye haulizi lori lilikuwa la nani, lilipita vizuizi vingapi, nani alifungua kizuizi. Kwa nini aulize? Ameshaambiwa kwenye kichwa cha khabari nani mbaya.

Kazi ya pili ya neno hili ni kutusahaulisha kwamba hali ya mtu huyu imetengenezwa kwa kalamu, na kwa kalamu hubadilika. Wamakonde walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya tangu wakati wa Mwingereza. Wajukuu wao waliozaliwa Kwale walikuwa hawana kitambulisho cha nchi yoyote mpaka walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, na serikali ikaamua ni Wakenya. Wapemba wa Kilifi nao wamevua samaki pale vizazi na vizazi, wakijificha polisi wakipita, mpaka walipotambuliwa mwaka 2023. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000, jambo ambalo nchi chache sana duniani zimelifanya, na tunastahiki kulisema kwa fahari. Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 2013, tulikuwa na Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu wakafukuzwa kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wameishi Tanzania miongo mitatu na minne, wana wake na waume wa Kitanzania, na mifugo yao ikabaki nyuma. Kama uharamu ulikuwa ndani ya damu za watu, saini ya rais ingeufuta vipi? Na kama saini inaufuta, basi ulikuwa ni hali ya makaratasi tangu mwanzo, na tungeuita hivyo.

Kalamu hiyo huandika upande wa pili pia. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi, aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia. Yaani mtu aliyeitumikia nchi kwa vyeo aliamka akiwa mgeni. Na Uingereza kuna kashfa ya Windrush iliyofumuka mwaka 2018. Watu wa Karibiani walioingia kihalali kabisa wakiwa watoto, kabla ya 1973, walifukuzwa kazi, wakanyimwa matibabu, wengine wakarudishwa visiwani, kwa sababu hawakuweza kuonyesha karatasi. Kadi zao za kuingilia bandarini serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu mwaka 2010. Hawakuvunja sheria yoyote. Ila nchi ilikuwa imeshazoea kuwaona watu wa sura fulani kwa jicho la "illegal", na mwaka 2013 magari ya serikali yalikuwa yanazunguka mitaa ya London na mabango ya kuwaambia warudi kwao. Neno likishapewa ruhusa halichagui.

Na huko Ghuba mnalijua zaidi kuliko mie. Mdogo wetu ametoka Tanga au Mombasa kwenda kufanya kazi za ndani. Chini ya mfumo wa kafala ukaazi wake umefungwa kwa kafili wake. Pasi imewekwa kabatini kwa mwenye nyumba. Akipigwa au akinyimwa mshahara akatoka mlangoni, kafili anaripoti "hurub", ametoroka, na kuanzia hapo binti ni mkosaji. Jana alikuwa halali, leo si halali, na hakuna alichofanya ila kukimbia kipigo. Mkisikia redio ya Kiswahili ikimwita mhamiaji haramu, jiulizeni aliyemharamisha ni nani.

Sasa nakuja kwetu sisi wenyewe, na hapa pengine nitawaudhi baadhi yenu.

Sisi tunaoishi nje tuna msamiati wetu wa mambo haya, na ni msamiati mzuri mno. Jamaa aliyejificha melini akatokea Ugiriki hatukumwita haramu, tulisema kazamia. Aliyefika Uingereza akajitangaza mkimbizi wa nchi ambayo hata mji wake mkuu hajawahi kuuona, tulisema kajilipua. Anayefanya kazi za usiku kwa jina la mtu mwengine anabeba boksi. Na yule ambaye viza yake ilikwisha tangu enzi za Clinton tunamwambia mchumba wake kwa sauti ya chini, "mambo yake ya makaratasi bado hayajakaa sawa". Sikilizeni huruma iliyomo. Kazamia: ni ujasiri, kajitosa. Kajilipua: kahatarisha roho yake. Makaratasi hayajakaa sawa: ni shida ya muda, inshaallah zitakaa. Hatuna hata neno moja kati ya haya linalomtia mtu uchafu, na yote yanataja kitu alichokifanya au kinachomkosa.

Wenzetu haohao, msiba ukitokea au harusi, tunawachangia. Hatuwaulizi viza. Kisha tunakaa kwenye sebule zetu, tunafungua khabari za nyumbani, na Mhabeshi aliyekamatwa Moshi tunamwita haramu bila ya kutafuna. Kwani yeye kafanya nini ambacho yule wa Ugiriki hakufanya? Tofauti ni kwamba mmoja tunalijua jina la mama yake.

Na wenye kumbukumbu fupi niwakumbushe Januari 2001. Baada ya mauaji ya Pemba na Unguja, zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa majahazi na ngalawa mpaka Shimoni, pwani ya Kenya. Hawakupiga foleni ya pasi. Hawakugongewa muhuri. Miaka ya 1960 baada ya mapinduzi wazee wetu wengine waliondoka hivyohivyo, kwa vyombo na usiku, na watoto wao na wajukuu wao wengine wanasoma maneno haya hivi sasa. Kwa kipimo cha magazeti yetu ya leo, wote wale walikuwa wahamiaji haramu. Nani kati yenu atamwita babu yake hivyo?

Tena kuna kichekesho kimoja. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ndiyo maana miaka hii ya karibuni kumekuwa na mazungumzo marefu ya "hadhi maalum" kwa wenye asili ya Tanzania. Basi mwenzetu mwenye pasi ya Marekani akenda kumuuguza mama yake Ng'ambo, akapitisha siku za viza, kwa Kiswahili cha gazeti yeye ni mhamiaji haramu, kwenye nyumba aliyozaliwa, kwenye kitanda alichozaliwa. Na kitanda, kama tulivyoambiwa, hakizai haramu.

Ntaambiwa: hayo yote ni ya wasomi waliokaa mbali na mpaka, mkulima wa Kigoma anayegombea shamba na mgeni hana nafasi ya kuchagua maneno. Najibu kwamba mkulima huyo ana haki ya kulalamika, na serikali ina haki ya kulinda mpaka wake na kumwondoa asiye na kibali kwa utaratibu wa sheria. Sikuomba mpaka ufunguliwe. Lakini Kigoma hiyohiyo, Waha wangapi wameitwa Warundi ndani ya nchi yao wenyewe kwa sababu ya lafudhi? Neno la kuchafua likiwa rahisi mdomoni, wa kwanza kupata hasara ni raia maskini wa mpakani asiye na cheti cha kuzaliwa. Mkulima huyo ndiye anayehitaji neno sahihi kuliko profesa.

Wala sitaki tuige jina la Kiingereza. "Wasio na hati" nimeshaeleza udhaifu wake. Umoja wa Mataifa uliziomba idara zake tangu Desemba 1975 zitumie majina ya namna hiyo kwenye nyaraka zake, na nyaraka zikabadilika, na watu mitaani hawakubadilika. Ninachopendekeza ni kidogo: mwandishi aseme kilichotokea. Kama ameingia bila kibali, aseme "aliyeingia bila kibali". Kama amepitisha muda, "aliyepitisha muda wa viza". Kama amepakiwa na wasafirishaji, "aliyesafirishwa". Kama kesi iko mahakamani, "anayetuhumiwa kuingia nchini kinyume cha sheria". Kama hajui, aseme "wahamiaji", na aende akaulize. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Hakuna haja ya sifa moja kubeba kazi ya vitenzi vinne. Ni maneno mawili matatu zaidi kwenye kichwa cha khabari, na kurasa za intaneti hazina uhaba wa nafasi.

"Walowezi" nalo litazamwe. Tulikuwa tukiliita hivyo tabaka la wazungu waliochukua maelfu ya ekari Kenya na Rhodesia. Leo katika lugha ya maofisa wetu mlowezi ni mzee wa Kirundi mwenye nusu eka ya maharage. Neno moja kwa watu hao wawili?

Kati yenu wapo wanaofanya kazi kwenye idhaa za Kiswahili za nchi za nje, wapo wafasiri, wapo wanaofundisha Kiswahili kwenye vyuo, na wapo wanaojuana na wakubwa wa BAKITA, BAKIZA na CHAKITA. Mwongozo wa lugha wa idhaa moja tu ukibadilika, magazeti ya nyumbani yatafuata, kwa sababu sote tunajua yananakili. Haramu libakie kwa usafirishaji, kwa biashara, kwa silaha. Kwa mtu, tulitoe. Anayeona nimekosea alete mfano mmoja wa Kiswahili cha kabla ya magazeti ambamo mtu mzima, kwa sababu ya kusafiri tu, aliitwa haramu. Nangojea.

Wasalaam.